Kizibo Kilichobaki Ndani ya Kopo la Bluu

Kolwezi, Jumamosi, saa tisa mchana

Sudi mwanangu,

Wewe umekwenda kuaga marafiki zako, na mama yako amekaa barazani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu. Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria, ya kapenta na unga, na ya nani wa kusalimiwa kwanza ukifika Kasaji, hayo ni ya kwake. Ameshakuambia, na kesho asubuhi pale gare, kituoni, atakuambia tena mpaka treni ianze kutembea. Mimi siyagusi.

Mimi nina jambo moja. Linamhusu Tata Kalenga, mtu unayekwenda kumfanyia kazi, na nimekuficha kwa miaka tisa. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza tulikuwa tumelala chini ya kamio, lori la yule mama wa samaki, nikafungua mdomo, nikajikuta nakueleza habari za filtri ambazo unazijua kunishinda. Mara ya pili uliniuliza kwa nini nakutazama hivyo, nikakwambia una grisi shavuni. Ya tatu nilikohoa tu. Kwa hiyo nimechukua daftari la garaji na kalamu, kwa sababu karatasi haiulizi kwa nini unaitazama.

Unakumbuka kopo la bluu, lile la maziwa ya unga, lililo kwenye rafu ya juu nyuma ya bidoni za mafuta? Siku moja ulipokuwa unapanga rafu ulilitikisa, likagonga ndani, ukaniuliza kuna nini. Nilikufokea mbele ya wateja. Jioni ulimuuliza mama yako, "Papa anachunga kintu gani mule?" na mama yako alisema hajui. Alisema kweli, hajui. Leo mtajua wote wawili.

Lakini niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na kopo utaniona mtu mbaya kabla hujaniona mjinga, na ujinga ndio uliotangulia.

Watu wa Kolwezi wananiita fundi wa mafuta. Hawajui nilivyojifunza. Nilipotoka Kasongo na baba yangu, sisi tulikuwa watu wa kupakia na kupakua, wa kuuza vitenge na chumvi, na kamio kwetu ilikuwa kitu cha kutia mazutu, dizeli, na kwenda. Moteri ya kwanza niliyokabidhiwa niliiua kwa usafi. Ndiyo, usafi. Niliona mafuta yake ni meusi siku mbili tu baada ya kuyabadilisha, nikadhani nimeuziwa machafu, nikayamwaga. Nikatia mengine, yakawa meusi tena, nikayamwaga. Mwishowe nikapata mafuta ya bei rahisi kwa mtu mmoja wa Tenke, ambayo yalikaa mazuri, yakang'aa kama asali wiki tatu nzima, nikafurahi. Wiki ya nne moteri ilikwama. Ndipo fundi mmoja mzee alipoifungua, akanionyesha uchafu wote umeganda ndani, mgumu kama ukoko wa ugali. Mafuta ya moteri ya mazutu yanakuwa meusi kwa sababu yanafanya kazi, yanabeba moshi na masizi ili visibaki kwenye chuma. Yale ya Tenke yalikuwa hayabebi kitu. Yalikuwa yanapita tu.

Siku hizi usipojua utauziwa ya namna hiyo kila wiki, kwa vile mafuta mapya yanapatikana leo na kukosekana miezi miwili. Watu wanachukua yaliyokwisha kutumika kwenye mashine kubwa, wanayachuja kwa kitambaa cha shuka, wanayatia kwenye bidoni yenye kifuniko kizuri. Wewe unajua dawa yake, tone moja juu ya karatasi ya gazeti na kungoja uone linavyosambaa. Ninachotaka ujue ni kwamba nilianza kuweka tone juu ya gazeti baada ya kuua moteri mbili. Watu wakikusifu huko Kasaji kwamba una jicho, kumbuka jicho hilo lilinunuliwa kwa kamio za wengine.

Na kisa changu cha pili cha Tenke, hicho nilikwisha kukusimulia nikacheka, lakini sikukumalizia. Nilifungua kizibo cha chini cha bwati, lile sanduku la gia, la meno ya vitesi, mafuta yote yakatoka vizuri. Kisha nikataka kufungua kizibo cha juu ili nitie mapya, kikakataa. Nilipiga, nikachoma moto, nikaapa. Kiligoma siku mbili, na kamio imesimama katikati ya soko bila tone moja ndani ya bwati, na wanawake wa nyanya wanazunguka. Mmoja akaniuliza, "Tata, juu ya nini haukufungua ya yulu mbele?" Yeye muuza nyanya ndiye aliyenifundisha kwamba kabla hujamwaga ulichonacho, hakikisha una njia ya kurudisha. Nilichokuwa sijakumalizia ni kwamba nilimtukana. Alikuwa na haki, nikamtukana kwa sababu watu walikuwa wanasikia. Huo ndio ugonjwa wangu, Sudi. Siwezi kukosea watu wakiwa wanasikia. Kila kibaya nilichofanya katika kazi hii kilitoka hapo, na cha Kalenga pia.

Sasa nafika.

Unaikumbuka kamio ya kijani, ambayo ndani yake ulikuwa unakaa kati yangu na mlango ukipiga honi bila ruhusa. Moteri yake ilikuwa nzuri, niliitunza kama mgonjwa. Lakini bwati haina kelele, haili mafuta, haitoi moshi, na mtu anaisahau. Pale nyuma, shimo la kupumulia lilijaa matope, mafuta yakakosa pa kupumua, yakaanza kusukuma kupitia mpira wa shafti. Tone, tone, kila ninapoegesha. Niliyaona. Nilikuwa naweka kipande cha katoni chini ili mama yako asilalamike kwamba uwanja unachafuka, na kila asubuhi nilikuwa nasema kesho nitafungua. Mimi, ambaye watu walikuwa wanavuka mji kuniletea bwati zao niziangalie. Nilitembea hivyo msimu mzima wa mvua. Siku nilipoingiza kidole kwenye shimo la juu, kidole kilitoka kikavu.

Vitesi ya tatu ilikuwa imeanza kulia. Mlio mwembamba, unaupata kwenye meno yako kabla ya masikio. Nikajua rulma, zile beringi za ndani, zimekwisha. Nilitafuta rulma nyingine Kolwezi, Likasi mpaka Lubumbashi, hakuna. Na wakati huohuo watu walianza kuuliza, "Tata Asumani, kamio yako inalia nini?" Nilikuwa nawaambia ni upepo kwenye dirisha.

Kuna kitu mafundi wanafanya hapa ambacho sikukufundisha, na ulipokisikia kwa wengine ukaniuliza, nilikwambia ni uongo. Si uongo. Unachukua unga wa mbao, ule laini wa musumeno, unauchanganya na grisi nzito, unaujaza ndani ya bwati pamoja na mafuta. Unaingia kati ya meno na rulma, mlio unakufa. Bwati inakuwa kimya kama mpya, kwa wiki nne, tano. Halafu unga unakula mafuta, unaganda, unaziba, na vilivyobaki ndani vinajisaga.

Nilikwenda kwa seremala wa Kapata, aliyekuwa anachonga vitanda vya mukula, mbao ile nyekundu. Nikamwambia nataka unga kwa ajili ya kuku. Akanijazia mfuko, na usiku huo nikaumimina ndani ya bwati pamoja na grisi. Tata Kalenga, aliyekuwa anataka kuinunua kamio yangu, alikuja siku ya pili yake, akaiendesha mpaka barabara ya Kapata na kurudi. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Mutombo, ambaye ndiye angekuwa shofa wa kuiendesha. Mutombo aliinamisha kichwa anasikiliza ile bwati kwa muda mrefu. Alisema, "Kaka, ile boîte iko kimya sana. Kamio ya zamani haiko kimya vile." Kalenga akamcheka. Akanigeukia akasema, "Ni Tata Asumani njo anaichunga. Ungetaka ilie?"

Mimi nilicheka pia.

Kalenga akanilipa, wakaenda nayo Kasaji. Wiki ya tano, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, ikiwa imejaa mahindi ya majirani zao wote, bwati ilikwama na kamio ikabaki hapo wiki tatu za mvua. Mahindi yaliota ndani ya magunia. Mutombo alikaa nayo muda wote huo, analala chini ya turubai, ili watu wasiibe. Alifungua kizibo cha chini mwenyewe, akakuta rojo jekundu limekishika. Akakifunga ndani ya gazeti, wakaja nacho kwangu, wote wawili.

Nakwambia walivyosimama. Kalenga mlangoni mwa garaji, kofia mkononi. Mutombo nyuma yake, miguu ina matope mpaka magotini. Kalenga aliweka kizibo juu ya meza yangu akasema, "Tata, weye njo fundi, mi sijue. Huyu anasema kulikuwa kintu mule ndani tangu mwanzo. Mi nasema ni bulongo. Anafungulaka bidoni njiani, bulongo inaingia mule mu mafuta, anatia mu boîte. Angaria, utuambie. Chenye utasema, njo hicho."

Kila mtu anajua udongo wa njia ya Kasaji ni mwekundu. Nilichukua lile rojo nikalisugua kati ya vidole. Udongo unakwaruza. Hili lilikuwa laini, na chini ya harufu ya grisi kulikuwa na harufu ya karakana ya seremala. Mutombo alikuwa ananitazama usoni, hatazami vidole. Kulikuwa na wateja wanne pale, na wewe ulikuwepo, umekaa juu ya gurudumu unakula karanga. Nilifikiri jambo moja tu, kwamba watu hawa wanne kesho watasema Asumani aliuza bwati iliyojazwa unga wa mbao.

Nikasema, "Ni udongo."

Mutombo aligeuka akatoka. Kalenga aliniomba radhi kwa kunisumbua. Aliniomba radhi mimi, Sudi. Akaniuliza kama nina kizibo kingine, nikampa kipya, nikasema hiki nitakiosha. Sikukiosha. Nilikitia ndani ya kopo la bluu na rojo lake, nikaliweka juu, na sijui mpaka leo nilikuwa nakihifadhia nini.

Tangu siku hiyo Kalenga hajampa mdogo wake usukani, wala hajala naye. Hata matajiri wengine hawakumpa, kwa vile habari ilitembea kwamba Mutombo anatia udongo kwenye bwati. Yule mtu alikuwa na sikio kunishinda mimi. Aliisikia bwati yangu ikiwa kimya akajua. Kesho ukishuka Kasaji, kulia mwa gare utaona mtu amekaa kwenye kigoda anaziba mipira ya baiskeli. Ni yeye. Miaka tisa anaziba mipira, na kaka yake anapita mbele yake kila siku kwenda kwenye kinu chake cha kusaga unga bila kumsalimia.

Na wiki mbili zilizopita Tata Kalenga alikuja akakaa kwenye kiti kile cha hapo barazani, akala chakula cha mama yako, akasema anataka mtu wa kuitunza moteri ya kinu chake na kamio yake, kwa vile wanawe wote wamekwenda Lubumbashi. Ulikuwepo, ulisikia. "Mi natafuta mutoto mwenye anaogopaka mafuta," alisema. "Ule mudogo wangu hakuogopa. Ni weye tu ulinisemea kweli ile siku, Tata Asumani. Njo maana nakuja kwako." Ulitabasamu kwa fahari juu ya baba yako. Mimi nilimeza tonge la moto zima zima nikasema ni sawa, akuchukue.

Sasa unajua. Nilichokuwa nimepanga ni hiki. Uchukue kopo pamoja na barua hii. Ukifika, kabla hujafungua mfuko wako, uwaite Kalenga na Mutombo mahali pamoja. Ukwangue lile rojo lililokaukia kwenye kizibo, ulioshe kwa petroli mpaka mafuta yote yatoke, uliache likauke juani juu ya bati. Kisha ulitie ndani ya glasi ya maji mbele yao. Udongo unazama. Unga wa mbao unaelea. Hakuna haja ya hotuba.

Anaweza kukurudisha, Kalenga. Ana haki. Anaweza kusema mtoto wa mtu yule haguswi na kinu changu. Kazi hii uliitamani, nimekuona ukipiga pasi shati la kusafiria kabla hata Kalenga hajatoa tarehe. Ikipotea, itapotea kwa kosa langu, si lako, na nataka uwe na maandishi ya mkono wangu yanayosema hivyo. Nilifikiri hata kukuacha uende bila kujua. Ungekaa naye vizuri. Ungemtunzia moteri, angekupenda, na kila asubuhi ungepita mbele ya Mutombo ukamsalimia, naye angekuitikia kwa heshima, mtoto wa Asumani. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Nilitaka kukuandikia pia jinsi ya kuishi na kosa, lakini sijui. Najua mafuta tu. Najua kwamba mafuta ukiyamwaga yakiwa baridi, uchafu unabaki chini. Lazima uwashe moteri kwanza, yapate moto, ndipo yatoke na kila kitu, na utaungua vidole kidogo. Mimi nilingoja mpaka yamepoa miaka tisa.

Saa kumi na mbili jioni

Niliacha kalamu hapo juu nikatoka. Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, nimelishusha kopo, nimelifuta vumbi, na niko tayari kulitia katikati ya nguo zako. Mama yako akaniuliza ninaweka nini. Nikamwambia yote, nimesimama, kopo mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia au atanigombeza, lakini aliendelea kukunja suruali yako, akasema, "Na weye utakuwa wapi, mutoto akisimama mbele ya bale batu?"

Nikasema nitakuwa hapa, garaji, nitangoja habari.

Akasema, "Aa. Tena unamutuma mwengine asimame pa fasi yako."

Alisema hivyo tu, akaenda kuangalia maharagwe. Nilibaki pale na kopo langu. Ile siku garaji nilimwacha Mutombo asimame kwenye kosa langu, na hapa nilikuwa napakia mzigo uleule kwenye mfuko wa mtoto wangu, nimeufunga vizuri, na maelezo ya kuosha kwa petroli. Niliona aibu kuliko ile ya miaka yote tisa, na kwa mara ya kwanza sikuwa naona aibu kwa sababu ya watu.

Nimechukua baiskeli nikaenda gare kununua tiketi yangu mwenyewe. Yule karani wa tiketi, ambaye nilimtengenezea pikipiki, aliniuliza, "Sitwayeni Asumani, weye pia unahama?" Nikamwambia nakwenda Kasaji kufungua bwati moja ya zamani. Ni kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, barua hii utaisoma ndani ya treni, mimi nimekaa mbele yako. Usinitazame wakati unasoma, tazama dirishani ukichoka. Ukifika mwisho wala usiseme kitu, unikunjie tu karatasi, unirudishie, maana Mutombo naye ana haki ya kuisoma. Nikisimama mbele yao, wewe kaa pembeni na mfuko wako, hata kama wananifokea. Wakikuuliza wewe ni nani, sema wewe ni fundi uliyekuja kwa ajili ya kinu.

Nakupenda. Hilo nalo sijawahi kulisema watu wakiwa wanasikia.

Mfuko wako utaubeba wewe. Kopo nitalibeba mimi.

Baba yako,
Asumani